Baridi Inahama

Jumanne, saa tisa alasiri, Wichita, Kansas.
Mtabiri wa runinga amevua koti,
na hapa watu husema: akivua koti, chaji simu, jaza ndoo.
Nyuma yake ramani imesambaa kama kitenge kilichochuja:
njano, chungwa, kisha doa jekundu
limekaa barabara juu ya kaunti yetu.

Kazi yangu ni kutafsiri.
Asubuhi hospitalini: ini, nyongo, shinikizo la damu.
Alasiri, bila malipo, hali ya hewa.
Kaya kumi na saba za watu wa Fizi na Uvira
husubiri sauti yangu kwenye simu
kabla ya kuamua kama waanue nguo.

Nikabonyeza, nikasema:
"Hewa ya joto na unyevu inapanda kutoka Ghuba.
Kutoka Colorado unashuka mstari wa mbele wa baridi.
Vitakutana hapa kati ya saa moja na saa nne usiku.
Ngurumo kali, asilimia arobaini na tano.
Mvua ya mawe, mengine makubwa kama yai la kuku.
Na kimbunga, hawaapi kwamba hakitakuja.
King'ora kikilia, shukeni handakini."

Kimya. Kisha simu ya Mama Asukulu:
"Mwanangu, mstari wa mbele wa nani?
Ni kundi gani hilo? Wameshafika wapi?"

Nilikaa kwenye ngazi.
Miaka sita napekua kamusi,
na sikuwa nimeona kwamba maneno haya
yalivuka ziwa pamoja naye,
mstari wa mbele, handaki;
kwamba aliyalaza kwa shida
nami nimeyaamsha kwa ajili ya mawingu.

"Si watu, Mama. Ni hewa."
"Hewa ina mstari?"
"Ni ukingo tu. Pale baridi inapoanzia."
"Unatembea?"
"Unatembea. Maili thelathini kwa saa."
"Na joto linafanya nini?"
"Linasukumwa juu. Ndipo mawingu yanafura."
Akafikiri. Nilisikia mwiko wake ukigonga sufuria.
"Basi sema hivyo. Sema baridi inahama.
Inahama usiku, bila hodi, vyombo vyote kichwani,
na joto, mwenye nyumba, hataki kusogea.
Kila mtu ataelewa kwamba sufuria zitaanguka.
Mgeni njoo, ndiyo, lakini leo mwenyeji haponi."

Nikarekodi upya.
Handaki nikaliita chumba cha viazi.

Saa mbili kasorobo anga ikageuka kijani,
kijani cha chupa, kijani cha pahali ulipojigonga juzi.
Ndege wakanyamaza. Jirani yetu, mzee Unruh,
akatoka na kiti cha turubai na bia moja
akakaa kuelekea magharibi
kama mtu aliyelipia tiketi.
Kisha king'ora. Si kile cha majaribio,
cha Jumatatu adhuhuri,
ambacho Mama Asukulu alikikimbia mwaka mzima
karatasi zake zote zikiwa kifuani.

Tulishuka, familia nne,
kati ya magunia na mashine ya kufulia.
Watoto walihesabu toka mmweko hadi mlio:
tano. Tatu. Moja.
Radi ilipopasuka, bibi yule akasema, "Sufuria."
Iliyofuata: "Hiyo ya ubwabwa wa harusi."
Wakacheka hadi wakasahau kuhesabu.
Mimi sikusahau.

Kimbunga hakikutufikia. Kiligusa chini mbali, kaskazini,
kikabeba ghala la ngano la mtu nisiyemjua jina.
Sisi tulipata mawe tu:
kioo cha gari langu, nyanya zote za Unruh.

Asubuhi baridi ilikuwa imeshapanga vyombo vyake.
Nilivaa sweta. Mtabiri alikuwa na koti lake,
akisema Ijumaa kuna mwingine, utapitia Nebraska.
Nikashika simu, nikabonyeza:
"Ndugu zangu, kuna mtu anahama tena."
Nikafuta.
Nikabonyeza upya.